Tableti Iliyovaa Mgongo wa Mwenzake

Tableti ya Dereva ilianza kuvimba taratibu, kama mkate unaoumuka, na sisi tuliokuwa tukiingia na kutoka chumbani kwake tulijifanya hatuoni. Mimi nilisema ni joto. Siku kioo kilipoinuka upande mmoja hadi ungeweza kupenyeza kisu cha siagi chini yake, binti yake aliizima, akaichomoa kwenye chaja, akaitoa nje na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga. Kisha akakaa kizingitini akaitazama kama mtu anayemlinda mwizi. Betri ilikuwa imechoka na kazi, na ilitaka kuondoka na nyumba.

Dereva ni rafiki yangu. Yeye aliendesha lori na mimi nilikuwa utingo wake, tangu nywele zetu zikiwa nyeusi mpaka kampuni ilipotustaafisha siku moja, yeye, mimi na lori lenyewe. Baadaye kiharusi kikamwangusha bafuni. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukarudi nusu, na maneno yakaondoka yote. Kuelewa anaelewa, tena hata yale usiyotaka ayaelewe. Ila mdomo wake unatoa sauti moja tu, "bo", na kichwa kinaitikia ndiyo kwa kila swali. Ukimuuliza kama ana njaa, anaitikia. Ukimuuliza kama ameshiba, anaitikia. Niliwahi kumuuliza kama yeye ni malkia wa nyuki. Akaitikia kwa heshima zote, kisha akacheka mpaka machozi, maana alijua kichwa kimefanya nini ila hakuweza kukizuia.

Tableti ndiyo iliyomrudishia maneno. Redioni wanaiita kishikwambi, nasi tulijaribu kuiita hivyo kwa muda, tukachoka. Ndani yake mlikuwa na programu ya picha. Anagusa kikombe, inasema "chai". Anagusa kikombe na uso uliokunjwa, inasema "chai mbaya". Sauti ya mashine iliyokuja nayo ilitamka kama mtu anayetafuna kokoto, kwa hiyo mtaalamu wa usemi akashauri tuingize sauti ya binadamu. Binti akajitolea. Mzee akagusa picha ya choo, chumba kizima kikasikia sauti ya mwanawe wa kike ikisema "nataka choo", na Dereva akaisukuma ile tableti ikateleza mezani mpaka ukutani. Mwanawe wa kiume, ambaye ni fundi bomba, naye akajaribu. Alitoa maneno kama mtu anayejibu mashtaka. Zamu ikanifikia mimi.

Basi Dereva anazungumza kwa sauti yangu. Nilikaa kwenye kiti kile nikataja kila kitu kilichomo duniani, kuanzia sabuni hadi rais, na yeye akikagua. Watu huniita Chumvi, na sijawahi kuuza chumvi. Nikiwasimulia wageni jinsi tulivyoupanda mlima mzima kinyumenyume kwa sababu gia za mbele ziligoma, na jinsi ng'ombe walivyotupisha wakidhani tumewasusia, nasikia pembeni sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mwongo huyo." Baadaye aliniomba nimrekodie na "gawa kwa mbili", ili asinikane moja kwa moja mbele za watu. Hilo ndilo analolitumia zaidi.

Sasa tableti ilivimba wiki mbaya kabisa. Mke wa Dereva alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na binti, ambaye ni mwalimu katika mji wa mbali, alikuja likizo akiwa na neno moja moyoni: amchukue baba yake akakae naye. Fundi bomba akakataa. Alisema baba amezoea dirisha lake, mlango wake, na ukuta anaoushikilia akienda bafuni; ukimpeleka pageni utakuwa umemzima taa. Wakakubaliana wakae kikao Jumapili mchana, kwa kuwa Jumatatu asubuhi binti anarudi kazini, aondoke na baba au aondoke peke yake.

Mimi nilikuwa upande wa fundi bomba, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilisema hewa ya ule mji wa mbali ni nzito kiasi kwamba ndege wanatembea. Nilisema mengi. Nisilolisema ni kwamba kila alasiri, tangu nistaafu, mimi nakaa kwenye kiti kilicho upande wa kushoto wa Dereva, na sina kiti kingine popote.

Dereva mwenyewe alitaka nini? Hapo ndipo penye kazi. Swali lilikuja betri ikiwa imeshavimba. Ukimuuliza kwa mdomo kama anataka kwenda, anaitikia. Ukimuuliza kama anataka kubaki, anaitikia vilevile, na jicho lake linakutazama kwa uchungu. Bila zile picha, kikao kingekuwa cha watu wawili wanaomgombania mtu aliyekaa katikati yao.

Binti alikuwa na nakala ya maneno yote kwenye kompyuta yake. Tatizo ni mahali pa kuyamimina. Walioitengeneza ile programu waliacha kuishughulikia zamani, na ikawa na ukaidi wa kizee: toleo la kwanza la tableti zile halina nguvu, linaifungua na kuzimia, toleo la tatu na yaliyofuata yamejisasisha mpaka hayaitambui, yanaitema. Ni toleo la pili tu. Na zile za zamani, nakwambia, zimefanana kama mayai. Kimo kilekile, kitufe kilekile cha duara chini, rangi zilezile mbili. La tatu utalijua kwa pete ya fedha inayozunguka kitufe, pale linaposoma kidole. Lakini la kwanza na la pili, hata mama yao angewachanganya majina.

Mimi si mtu wa kushindwa na kitu kilichotengenezwa na watu. Nilijifunza redio kwa kuibomoa ya shemeji yangu, na nikajifunza tableti kwa kusoma mabishano ya watu wasiojuana kwenye mtandao. Nikawaambia wasihangaike, kazi hiyo ni yangu. Nyuma kuna namba iliyoandikwa kwa herufi za mguu wa sisimizi, ila kwa nyingi imefutika. Kilichobaki ni tundu: toleo la pili lina tundu dogo kama la sindano, juu katikati ya mgongo, la kinasa sauti cha ziada. La kwanza halina. Nikaenda Jumamosi, nimevaa koti, kwenye kibanda cha yule anayebadilisha vioo vya simu, ambaye mtaa mzima unamwita Vioo.

Vioo alikuwa na rafu nzima ya tableti zilizotumika, zimesimama wima kama vitabu. Nikazigeuza moja baada ya nyingine nikipapasa migongo kwa ukucha, nikimsimulia kwamba zamani nilikuwa najua uzito wa gunia kwa kulisikiliza. Akanisikiliza bila kuacha kazi. Nilipolikuta tundu nikamwambia ninachukua hii, wala asihangaike kunieleza. Akasema hakuwa na nia ya kunieleza chochote.

Nyumbani binti aliiunganisha na kompyuta, maneno yakaanza kuingia, na picha ya kwanza ikatokea. Dereva akanyoosha kidole cha kushoto. Kabla hakijafika, kioo kikawa cheusi. Binti akaiwasha tena, ikafungua, ikazimia tena. Ndipo alipoingia kwenye mipangilio na kusoma namba ya ndani. Ilikuwa toleo la kwanza.

Nilirudi kibandani mbio, kwa kadiri magoti yanavyojua maana ya mbio. Vioo hakushangaa. Alinieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba tableti ikianguka mgongo unapinda, na yeye huuchomoa na kuivalisha mgongo wa iliyokufa.

"Mgongo ni nguo tu, mzee," alisema. "Hapa kwangu wote wamevalishana."

Nikamuuliza ipi ni ipi. Akasema hajui, na hajawahi kuhitaji kujua. Wateja wake wanataka ya kuchezea katuni. Zote zilikuwa zimefutwa, zimesimama kwenye ukurasa wa makaribisho, na hazikubali kukufungulia mipangilio mpaka ziunganishwe na mtandao, na mtandao wa kibanda chake ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jumapili angefungua saa chache tu. Niliondoka mikono mitupu.

Nilipowaeleza, fundi bomba alikuna kidevu. Binti akaniambia kwa sauti ya chini nisijilaumu.

"Baba mdogo, wewe ndiye unayemjua kuliko sisi," alisema. "Kesho utamsemea."

"Atamsemea baba," kaka yake akauliza, "au atajisemea?"

Dereva alikuwa pale pale, kwenye kiti chake cha magurudumu, akitazama mikono yake. Kichwa kikaitikia.

Nilikwenda kwangu, na siwezi kusema nilikwenda kwa huzuni. Nilikuwa nimepewa usukani. Nikaweka maji jikoni, na yakiwa yanachemka nikaanza kupanga maneno ya kesho. Mimi najua kuipanga hadithi. Ningeanza na barabara, jinsi alivyozoea kurudi kwake hata akichelewa vipi. Ningeingiza dirisha. Ningesema, Dereva hataki kuondoka. Nikalijaribu kwa sauti, pale jikoni, kusikia linavyokaa: "Sitaki kuondoka."

Lilikaa vizuri mno. Lilitoka vilevile kama ambavyo lingetoka kwenye tableti, mtuo uleule, mkwaruzo uleule wa mwisho, kwa sababu ni koo lileile. Kama ungekuwa chumba cha pili ungeapa kwamba ni Dereva anasema. Mimi mwenyewe nilisimama na kikombe mkononi nikijiuliza nimemsikia nani. Nimesema uongo mwingi maishani, na sijutii hata mmoja, maana wote ulikuwa na bango kubwa mbele: mtu akiniona nafungua mdomo anajua kinachokuja, anavuta kiti. Huu usingekuwa na bango. Huu ungevaa mgongo wa Dereva.

Maji yakachemka mpaka yakapungua. Nikazima jiko.

Asubuhi nilimwambia binti kwamba nampeleka baba yake kupunga upepo. Nikamsukuma hadi kibandani, njia ile yenye mashimo, nikimwomba radhi kwa kila shimo kama alivyokuwa akiniomba mimi zamani nilipokuwa nimekaa juu ya mizigo. Vioo alikuwa anafungua milango, na mtandao wake ulikuwa bado haujarudi. Nikamwambia leo nimekuja na macho.

Maana kulikuwa na alama moja zaidi, ambayo nilikuwa naijua lakini haikuwa na faida kwangu. Kioo cha toleo la kwanza kimesukwa kwa nukta kubwa. Herufi ndogo ukizitazama kwa makini zina vimeno pembeni, kama msumeno. La pili limesukwa kwa nukta nyembamba, na herufi zake zimelainika kama zilizochapwa kitabuni. Kioo hakivalishwi kama mgongo. Vioo alithibitisha: cha la pili hakiingii kwenye la kwanza, nyaya zake ni tofauti. Lakini jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linajiandaa kumpokea wa kwake. Mimi naona tableti ina mwangaza, basi. Dereva ni mtu aliyekuwa akisoma namba ya gari linalokuja kabla mimi sijajua kama ni gari au mti.

Nikamweleza habari za vimeno. Vioo akatoa zile zisizo na pete ya fedha, akaziwasha, akazipanga juu ya meza ya kazi, kila moja na ukurasa wake wa makaribisho na maandishi madogo chini. Dereva akainama. Nikamuuliza kuhusu ya kwanza kama ndiyo, kichwa kikaitikia. Nikamuuliza kuhusu ya pili, kikaitikia. Ya tatu pia. Vioo akageuka akajifanya anatafuta bisibisi. Nikasogeza ya nne mbele yake bila kuuliza chochote, kwa sababu sikuwa na la kuuliza.

Ndipo mkono wake wa kushoto ulipopiga ubavu wa meza. Mara mbili. Pa, pa.

Mikono yangu ikasimama kabla akili haijajua kwa nini. Nikairudisha ile tableti nyuma. Asiyewahi kufanya kazi ya lori hajui: dereva akirudi nyuma haoni kitu, utingo ndiye macho yake, na hawezi kumsikia kwa kelele ya injini. Kwa hiyo unapiga bamba la lori kwa kiganja. Mara moja, twende. Mara mbili, simama. Nimelipiga bamba lile mpaka kiganja kikawa kigumu kama soli, na yeye aliliamini kuliko kioo chake cha pembeni. Kiharusi kilichukua maneno, kikachukua na kichwa cha kuitikia, lakini kilipofika kwenye lile bamba bila shaka hakikujua kwamba ile nayo ni lugha.

Nikasogeza nyingine. Pa, pa. Nyingine. Pa, pa. Vioo akaiacha ile bisibisi. Iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote, imekwaruzwa, imebandikwa ua la plastiki na mtoto wa mtu, na mgongo wake ulikuwa mzima bila tundu. Dereva aliisogelea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kidole. Akapiga mara moja.

Nilimwambia hiyo hapana. Nikaigeuza nikamwonyesha mgongo, nikampapasisha, hakuna tundu, hilo ni toleo la kwanza hata kipofu anajua. Akanitazama. Akapiga tena mara moja, kwa nguvu zaidi, mpaka skrubu ndogo za Vioo zikaruka.

"Mzee, mwenzio amemaliza kusema," Vioo aliniambia.

Tukaenda nayo.

Binti aliiunganisha pale mezani huku kaka yake akiwa tayari ameshafika, na saa ya kikao imeshapita kidogo. Namba ya ndani ilikuwa ya toleo la pili. Maneno yakaanza kuingia kidogo kidogo, picha zikajaa moja moja kama taa za mtaa unaorudishiwa umeme: kikombe, kitanda, choo, rais. Fundi bomba alikuwa amejitayarisha na hoja zake, dada yake na zake, na mimi, kusema kweli, bado nilikuwa na zangu mfukoni. Dereva aliinua kidole, tukaziacha zote hapo.

Alichukua muda. Alikuwa akitafuta ukurasa baada ya ukurasa, akirudi, akisonga mbele. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Nyumba. Kimya. Siku nzima." Akapumzika. "Mke hayupo." Akapumzika tena, kwa muda mrefu zaidi, na safari hii alinitazama mimi kabla ya kugusa, nikajua.

"Nataka kwenda," nilisema, kutoka pale mezani.

Binti aliweka mkono mdomoni. Nilisubiri fundi bomba aulize kama kweli ni baba, au ni mzee Chumvi amepanga mambo na Vioo huko kibandani. Ingekuwa haki yake. Sauti ni yangu, na tableti ni mimi niliyekwenda kuichukua. Lakini hakuuliza. Alimtazama baba yake, akanitazama na mimi, uso wangu nadhani ulikuwa wazi kabisa, akaelewa kwamba hilo ni jambo ambalo mimi nisingelitunga hata kwa kulipwa. Akashusha mabega. Akasema, sawa baba. Akainuka kwenda kuangalia kama kiti cha magurudumu kinaweza kukunjwa kiingie kwenye buti la gari.

Sikuwahi, katika maisha yangu yote, kusema neno likaaminiwa na chumba kizima papo hapo. Ilibidi lisemwe na mtu mwingine.

Walianza kufungasha jioni ileile. Dereva alikuwa amechoka, ameegemea mto, lakini alikuwa hajamaliza. Alinipigia ubavu wa kitanda mara moja, nikasogea. Akagusa, "Wewe." Akatafuta. "Njoo. Leta uongo."

Nikamwambia nauli ya ule mji wa mbali ni ng'ombe mmoja na nusu. Akagusa gawa kwa mbili. Sikucheka vizuri, na yeye hakucheka vizuri, tukaachia hapo.

Binti alikuwa akikunja mashati ya baba yake, akiyapanga kwenye sanduku kola kwa kola. Nilimuuliza huko kwake mzee atakaa wapi mchana. Akasema kuna veranda, inapata jua asubuhi, na barabara inaonekana, magari yanapita. Nikamuuliza kama upande wa kushoto pana nafasi. Akafikiri kidogo, akasema kwa sasa amepanga ndoo za maua.

Nikamwambia azihamishe.